Jinsi ya kupata kisawe cha neno la Kiingereza lenye maana zaidi ya moja

Mtu akikuuliza kisawe cha neno la Kiingereza "clear" ni kipi, mrudishie swali: "clear" ipi? Ya anga, ya maji, ya maelezo, ya barabara, ya mtuhumiwa, au ya kontena lililoshuka bandarini wiki iliyopita? Kila moja ina visawe vyake, na visawe vya moja mara nyingi havina kazi kwa nyingine. "Cloudless" inafaa anga. Ukiipeleka kwenye maelezo ya mwalimu, umeandika kwamba maelezo yake hayana mawingu.

Jambo lenyewe si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Paa la nyumba linavuja, ndege inapaa kutoka uwanja wa Julius Nyerere, na pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, vijana wa kupaa samaki wanakusubiri na visu vyao. Hakuna anayechanganya, kwa sababu sentensi nzima inamwongoza. Kwenye Kiingereza tunakwama kwa kuwa wengi tumelijua neno kwa maana ya kwanza tuliyofundishwa shuleni, tukaibeba hiyo moja kila mahali. Kisha tunafungua tesauri, yaani kitabu cha visawe, tunakuta maneno 20 yamefuatana kwa mkato, tunachagua lililo refu kuliko yote kwa sababu linaonekana la kisomi. Barua ya namna hiyo ikitoka steshenari, anayeipokea anaitambua tangu mstari wa kwanza.

Mwongozo huu ni kwa anayeandika barua, ripoti, maombi ya kazi au tafsiri, na kwa mwanafunzi anayejibu maswali ya ufahamu yanayomtaka ataje neno jingine lenye maana ileile "kama lilivyotumika katika habari". Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yenye alama.

Vifaa

Unahitaji kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, tesauri, na daftari. Kamusi tatu za mwanzo zinapatikana kwenye simu bila malipo au kwa wauza vitabu vya mtumba katikati ya jiji. Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, nayo ni pa kuanzia kwa asiye na bando.

Kwa Kiingereza kwa Kiswahili, kamusi ya TUKI iliyotoka mwaka 1996 bado inabeba kazi nyingi. TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) siku hizi ni TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uzuri wa kamusi hiyo ni kwamba inaweka namba kwenye maana za neno na kuonyesha kama neno ni nomino, kitenzi au kivumishi. Udhaifu ni umri: maneno ya simu na kompyuta usiyategemee humo.

Kamusi ya wanaojifunza ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Kila maana ina namba yake, sentensi ya mfano, na maelezo ya sarufi: kama nomino inahesabika, kitenzi kinafuatwa na kihusishi gani. Tesauri haina hayo. Tesauri ni orodha ya wageni waalikwa tu, haikuambii nani anakaa na nani.

Kuhusu tesauri yenyewe, jua imepangwaje kabla hujaitumia. Ile ya Peter Mark Roget, daktari wa London, ilitoka mwaka 1852 na haikufuata alfabeti. Maneno yaliwekwa chini ya mafungu 1,000 ya mawazo, na matoleo mengi yaliyofuata yamebaki na mtindo huo. Ukipata nakala ya aina hii, anzia nyuma, kwenye faharasa. Tafuta neno lako, na chini yake utakuta vidokezo vifupi, kila kimoja na namba: kimoja kinaelekeza kwenye haki, kingine kwenye uzuri, kingine kwenye hali ya hewa. Chagua kidokezo kinacholingana na sentensi yako, kisha nenda kwenye namba hiyo. Anayefungua katikati ya kitabu kwa kubahatisha atarudi na neno la fungu la jirani.

Tesauri za alfabeti, pamoja na nyingi za kwenye simu, hurundika maana zote mahali pamoja. Humo angalia nukta mkato: kwa kawaida maneno yaliyo kabla yake ni familia moja na yaliyo baada yake ni familia nyingine. Kwenye programu ya Word, ukibofya kulia juu ya neno unapata orodha fupi iliyokatwa. Weka kishale kwenye neno na ubonyeze Shift na F7, orodha ndefu itafunguka ikiwa imegawanywa kwa maana. Tofauti ya sekunde mbili hiyo inaokoa mengi.

Anza na sentensi nzima

Usitafute kisawe cha neno lililo peke yake. Andika sentensi yote, piga mstari chini ya neno, kisha jiulize ni aina gani ya neno hapo. "Clear" ni kivumishi katika "a clear sky" na ni kitenzi katika "clear the road". Hatua hii peke yake hupunguza sana orodha ya tesauri.

Halafu andika maana yake kwa Kiswahili. Hapa tuna faida ambayo Mwingereza hana, kwa sababu Kiswahili mara nyingi kinatenganisha kile ambacho Kiingereza kimekiweka kapu moja. Chukua "ask". Kwetu kuuliza ni kitu kimoja na kuomba ni kingine. Ukiandika "kuuliza", kisawe ni "inquire". Ukiandika "kuomba", kisawe ni "request". Chukua "old". Mtu ni mzee, kwa hiyo "elderly". Viatu ni vikuukuu, kwa hiyo "worn-out". Mji ni wa kale, kwa hiyo "ancient". Na "my old boss" kwa kawaida ni bosi wangu wa zamani, kwa hiyo "former". Anaweza kuwa na miaka 35. Aliyeweka "elderly" hapo amemzeesha mtu wa watu bila kosa.

Lakini usiandike neno moja la Kiswahili na kuridhika, maana Kiswahili nacho kina mitego yake. Kuazima ni kumpa mtu kitu akakirudisha, na pia ni kukichukua kwa mtu. Kufunga ni kufunga mlango, kufunga Ramadhani, kufunga mzigo na kufunga goli. Ukiweka "kufunga" kwenye daftari umehamisha tatizo tu kutoka lugha moja kwenda nyingine. Andika kifungu chenye yambwa, yaani kinachotendewa: kufunga mzigo kwa kamba, kumwazima jirani ndoo. Maneno matatu au manne yanatosha.

"Clear", maana moja baada ya nyingine

Neno hili linastahili kukaa nalo kwa sababu mjini hapa linazunguka kila ofisi.

Anga isiyo na wingu ni "cloudless". "Bright" iko karibu, ila inazungumzia mwanga: usiku wenye nyota tele baada ya masika ni "clear" na si "bright".

Kioo au plastiki unayoona upande wa pili ni "transparent", au "see-through" ukizungumza kikawaida. Kwa maji, jihadhari na "clean". Maji yanaweza kuwa "clear" kabisa kwenye glasi na yakawa na vimelea vya kipindupindu. Kwenye tangazo la afya, anayebadilisha "clear water" kuwa "clean water" amewaambia watu maji yale ni salama.

Maelezo yanayoeleweka ni "easy to understand". Kwenye maandishi rasmi "lucid" inakubalika. Tesauri nyingi zitakupa pia "obvious" katika kundi hilohilo, na hapo ndipo watu wanapoteleza. "It is clear that the price has gone up" inaweza kuwa "it is obvious that", maana jambo liko dhahiri. Lakini "a clear explanation" haiwezi kuwa "an obvious explanation": ya kwanza ni maelezo yaliyonyooka, ya pili ni sababu ambayo kila mtu alikwisha kuiona. Ni maana mbili jirani zilizovaa nguo moja.

Barabara isiyo na kizuizi ni "unobstructed", neno la ripoti. "Open" ni kitu kingine. Barabara ya Morogoro saa 12 jioni iko "open", hakuna aliyeifunga. Kama ni "clear", muulize aliyesimama Ubungo.

Tukija kwenye kitenzi, kosa kubwa linahusu yambwa. "Clear" inaweza kupokea mahali panaposafishwa: "clear the table". "Remove" inapokea kitu kinachoondolewa. Kwa hiyo "remove the table" ni kuitoa meza yenyewe nje. Barua ya wakazi kwenda serikali ya mtaa inayosema "please remove the drain" imeomba mtaro ung'olewe. Walichotaka ni "unblock the drain", mtaro uzibuliwe. Kila unapobadilisha kitenzi, angalia kama kinachofuata bado kinapokea tendo lilelile.

Deni: "clear a debt" ni kulipa lote likaisha, kwa hiyo "settle" au "pay off". "Pay" peke yake haitoshi, kwani mtu anaweza kulipa kidogo kidogo na deni likabaki.

Mtuhumiwa aliyesafishwa jina: "exonerated". "Acquitted" iache kwa mahakama tu, na tutairudia.

Halafu bandari. Watu wa forodha wana neno zuri la Kiswahili, kugomboa. "To clear goods through customs" haina kisawe cha neno moja, na wanaolijua soko hawakitafuti. "Release" ni tendo la forodha, ruhusa ya mzigo kutoka. "Collect" ni kwenda kuuchukua. Kontena linaweza kuwa limegombolewa na bado halijachukuliwa, na gharama za kuhifadhi zinaendelea kupanda, hivyo ripoti inayochanganya maneno haya matatu inaweza kusababisha ugomvi kati ya wakala na mteja juu ya nani alichelewa. Na jina la kazi ni "clearing agent". Ukiandika "cleaning agent" umeandika sabuni.

Kipimo cha kinyume

Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote: tafuta kinyume cha neno katika sentensi yako. Vinyume vikitofautiana, maana zinatofautiana, na visawe lazima vitofautiane. Kinyume cha "a light bag" ni "heavy". Kinyume cha "a light room" ni "dark". Kinyume cha "light reading" ni "serious". Maana tatu, familia tatu.

Jaribu "fair". Hakimu: kinyume ni "biased", kwa hiyo kisawe ni "impartial" au "just". Ngozi: kinyume ni "dark", kwa hiyo "light". Hali ya hewa: kinyume ni "stormy", kwa hiyo "fine" au "dry". Ukimchukulia hakimu kisawe cha ngozi unapata "a light judge", na sijui atakuwa hakimu wa kilo ngapi.

"Fair" ya Sabasaba, yaani Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, haina kinyume kabisa, na hiyo ni dalili kwamba ni nomino ya kitu chenye jina. Hata asili yake ni nyingine: hii imetoka Kilatini, "feria", siku ya sikukuu, ilhali "fair" ya haki na uzuri ni neno la kale la Kiingereza chenyewe. Zimekutana kwenye tahajia tu, kama kaa wa baharini na kaa la moto. Kisawe chake ni "exhibition" au "trade show".

Kuna "fair" nyingine inayoumiza watu kwenye maombi ya kazi. Fomu inakuuliza kiwango chako cha lugha, na chaguo ni "excellent", "good", "fair", "poor". Hapo "fair" ni ya wastani, ya kujikokota, chini ya "good". Kisawe chake ni "average" au "passable". Anayeitia tiki akidhani amesema "nzuri" amejishusha ngazi mwenyewe.

Ruka hatua moja tu

Kosa la tesauri linalojirudia kuliko mengine ni kufuata mnyororo. Unatafuta "clear", unakuta "plain". Hujaipenda, unatafuta "plain", unakuta "unattractive", kwa sababu "plain" ya sura ya mtu ni kukosa mvuto. Hatua mbili, na umetoka kwenye maelezo yaliyonyooka hadi kwenye kumtusi mtu. Sababu ni kwamba kila neno njiani lina maana zake nyingi, na tesauri haijui wewe ulikuja na ipi. Chagua watahiniwa wasiozidi watatu kutoka kwenye orodha ya neno lako la kwanza, kila mmoja mtafute kwenye kamusi ya wanaojifunza, soma sentensi za mfano, na usimame hapo.

Sasa mweke kila mtahiniwa kwenye sentensi yako na usome kwa sauti. Kikipita, mjaribu kwenye sentensi ya pili yenye maana ileile lakini kitu tofauti. "Settle" inapita kwenye deni la duka na pia kwenye bili ya hospitali. Ni kisawe imara. Kinachopita mara moja na kuanguka mara ya pili kiandike na mpaka wake.

Majirani wa neno

Maneno ya Kiingereza yana wenza waliozoeana. Mvua ya masika ni "heavy rain", upepo ni "strong wind", chai ya rangi iliyokolea ni "strong tea", injini ni "powerful". Tesauri itakuambia "strong" na "powerful" ni visawe, na ni kweli, ila "powerful tea" haisemwi. Foleni ni "heavy traffic", wala si "big".

Kuhakiki mwenza, weka kifungu ndani ya alama za kunukuu kwenye mtafutaji wa intaneti, au tumia mkusanyo wa matini. BNC (British National Corpus), mkusanyo wa Kiingereza cha Uingereza, una maneno milioni 100. Usiangalie idadi ya matokeo peke yake. Fungua matatu au manne usome: je, sentensi zinazungumzia jambo lako? "Clear the goods" inaweza kujitokeza sana kwa sababu ya duka linalomaliza bidhaa zake, jambo ambalo halihusiani na forodha hata kidogo.

Kihusishi nacho hubadilika neno likibadilika. Chukua "charge". Ya polisi na mahakama inakwenda na "with": "charged with theft". Mwenzake "accused" anakwenda na "of", "arrested" na "blamed" zinakwenda na "for". Ukibadilisha kitenzi ukaacha kihusishi cha zamani, kosa linaonekana mbali. Isitoshe hawalingani kisheria: mtu yeyote anaweza kukutuhumu, lakini kushtakiwa ni kazi ya mamlaka. Na hiyo ni "charge" moja tu. Ya benki ni "fee", ya simu ni "recharge", ya fahali anayekuvamia ni "rush at", ya anayesimamia ofisi, "in charge", ni "responsible".

Mengine ya haraka. "Advise" inakubali "advise him to go", "suggest" haikubali muundo huo. "Arrive" inataka "in Dar es Salaam", "reach" haitaki kihusishi. "Advice" haihesabiki, "tip" inahesabika. "Equipment" haihesabiki, "tool" inahesabika. Anayebadilisha "tools" kuwa "equipments" ameongeza herufi na kupoteza alama.

Maneno ambayo hayabadilishwi

Kwenye sheria, mikataba na zabuni, acha tamaa ya kupamba. Neno la kisheria lina maana iliyofungwa.

Angalia "discharge". Mgonjwa wa Muhimbili aliyeruhusiwa: "allowed to go home". Shehena inayopakuliwa melini: "unload". Maji machafu ya kiwanda yanayoingizwa Mto Msimbazi: "release". Kutekeleza majukumu: "carry out", hapa "release" ni hatari, maana "released from his duties" ni kuondolewa kazini kwa lugha ya upole. Na mahakamani Kisutu? DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akiiondoa kesi kabla ya hukumu, mshtakiwa anakuwa "discharged", na kuachiwa huko peke yake hakumkingi asishtakiwe tena kwa tukio lilelile. "Acquitted" ni aliyeonekana hana hatia. Mwandishi wa habari anayebadilisha moja kwa nyingine ili asirudie neno anawapa ndugu wa mshtakiwa furaha isiyo na msingi.

Vivyo hivyo "theft", "robbery" na "burglary". Tesauri inaziweka pamoja. Kanuni ya Adhabu inazitenganisha: wizi wa kawaida, unyang'anyi wa kutumia nguvu au vitisho, na uvunjaji wa nyumba uliofanyika usiku.

Kwenye ujenzi, "pavement" ni mfano wa neno linalobadilika kwa nchi na kwa fani. Kwa Mwingereza wa kawaida ni njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara. Kwa Mmarekani ni uso wa barabara uliowekwa lami au zege. Kwa mhandisi yeyote ni matabaka yote yanayobeba magari, kuanzia juu ya udongo wa asili. Mtafsiri akibadilisha "pavement" ya nyaraka za zabuni kuwa "footpath", mkandarasi anajengewa picha ya kazi tofauti kabisa. Kwenye nyaraka za aina hii nenda kwanza kwenye sehemu ya tafsiri ya maneno, kwa kawaida iko mwanzoni, na neno lililofafanuliwa pale ulitumie hivyohivyo hadi ukurasa wa mwisho.

Kuna pia "table". Uingereza, na hata kwetu bungeni, "to table a motion" ni kuwasilisha hoja mezani ijadiliwe. Marekani ni kuiahirisha. Ukiandikia watu wa pande zote mbili, tumia "present" au "postpone" na usiwaachie wakisie.

Mawili yanayochanganya fomu

"Address" kwenye fomu si lazima iwe "residence". Mtu anaweza kukaa Mbagala na barua zake zikafika S.L.P. ya ofisi Posta. Fomu ikiuliza "postal address" andika sanduku. Ikiuliza "physical address" andika nyumba, mtaa na kata, na siku hizi kuna namba ya anwani ya makazi na postikodi. Maana nyingine: hotuba ni "speech", kulishughulikia tatizo ni "deal with" au "tackle", kumwita mtu kwa cheo chake ni kitenzi hichohicho na hakina kisawe kifupi kinachoridhisha.

"Balance" ni mbaya zaidi kwa kuwa inaweza kugeuka upande. Kwenye simu, "your balance" ni salio, pesa yako iliyomo. Kwenye ankara, "the balance" ni kilichobaki unachodaiwa. Moja ni mali, nyingine ni deni. Kwa ya kwanza andika "the amount in your account", kwa ya pili "the amount still owed". Ni ndefu, lakini hakuna atakayepiga simu kuuliza.

Daftari

Gawa ukurasa safu nne: maana kwa kifungu cha Kiswahili, sentensi ya Kiingereza, kisawe kilichopita vipimo, na pale kisipofaa. Safu ya nne ndiyo utakayoirudia. Ingizo moja linaweza kusomeka hivi: kuzibua mtaro, "They cleared the drain", "unblocked", isitumike kwa meza wala barabara. Maneno matano kwa wiki, kila moja na maana tatu au nne zinazotumika kazini kwako, ni kasi inayovumilika. Usijaze maana adimu kwa sababu tu kamusi imezitaja. Mhasibu hana haja ya "charge" ya fahali.

Ukitumia programu ya kutafsiri au mtambo wa kuandika kwenye simu, uulize kwa sentensi nzima na useme msomaji ni nani, kisha majibu yake uyapitishe kwenye vipimo vilevile. Ukiupa neno moja utakurudishia maana inayotumika sana duniani, ambayo pengine siyo ya ofisi yako.

Na ukikosa kisawe baada ya yote hayo, rudia neno lako la mwanzo. Walimu wetu wengi walitufundisha kwamba kurudia neno ni udhaifu, na kwenye insha wana hoja. Kwenye barua ya wakala wa forodha, "The container was cleared on Monday. Once it was cleared, we informed the client" ni Kiingereza safi, na mteja anajua Jumatatu kilifanyika nini.